Jina Mfukoni: Ushauri kwa Msafiri wa Mutakura Anayekwenda Kwenye Ibada ya Waliokufa Vitani

Ibada ya kumbukumbu ya waliokufa vitani ni mkusanyiko unaofanyika kila mwaka, aghalabu katika mwezi wa Novemba, ambapo viongozi wa serikali, wanajeshi, watu wa dini na ndugu wa marehemu hukutana makaburini au mbele ya mnara, wakaweka mashada ya maua na kunyamaza kwa dakika mbili. Mwezi huo ulichaguliwa kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Afrika Mashariki, ambako habari zilichelewa kufika, mapigano yaliendelea hata baada ya siku hiyo, na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck halikuweka silaha chini rasmi mpaka tarehe 25 Novemba, katika mji wa Abercorn ambao leo unaitwa Mbala na umo nchini Zambia.

Mkazi wa Mutakura, mtaa ulio kaskazini mwa Bujumbura, anayeomba ruhusa kazini ili akahudhurie ibada ya namna hiyo Dar es Salaam, huenda akaulizwa ana nani huko. Swali hilo lina jibu. Urundi, yaani Burundi ya leo, ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na kisha Gitega, yakaendelea hadi Kigoma mwezi Julai na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Katika nchi isiyokuwa na barabara za magari, na ambamo mbung'o waliua wanyama wa mizigo, risasi, unga na dawa zilisafiri kichwani mwa mtu. Huyo ndiye mpagazi: raia aliyekodishwa, au mara nyingi zaidi aliyekamatwa kwa nguvu, ili abebe mzigo wa jeshi bila yeye mwenyewe kupewa bunduki. Wapagazi waliotumikia upande wa Wabelgiji peke yake hukadiriwa kuwa 260,000 hivi, wengi wao wakiwa wa kutoka Kongo, na pande zote mbili zilichukua watu, ng'ombe na chakula mahali popote zilipopita, Urundi ikiwemo. Wengi waliokufa hawakuuawa na risasi, bali waliangushwa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa, wakazikwa kando ya njia.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulifahamu, kabla hata ya kuulizia nauli, ni kwamba kuna uwezekano mdogo sana wa kulikuta jina la babu yake likiwa limechongwa kwenye jiwe lolote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Kivita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza makaburi ya askari waliokufa upande wa Waingereza na himaya yao, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Hesabu hiyo ni ya upande wa Waingereza tu, ilhali Warundi wengi walibeba mizigo ya Wajerumani na ya Wabelgiji, ambao daftari zao ni nyingine. Msafiri anayekwenda akitarajia kugusa herufi za jina la ukoo wake atarudi na uchungu; yule aliyejua mapema kwamba jina halipo atajiandaa kulipeleka mwenyewe, na maandalizi mengine yote yanayoelezwa katika makala haya yanafuata kutoka hapo.

Kulitafuta jina ni kazi ya miezi, nayo inaanzia nyumbani. Wazee waulizwe wakati bado wapo, na swali lisiwe tu "babu aliitwa nani", kwa kuwa katika mila ya Kirundi baba na mwana kila mmoja huwa na jina lake, wala hakuna jina moja la ukoo linalorithiwa kama ilivyo Ulaya. Afisa wa kumbukumbu aliyezoea kutafuta kwa jina la familia atashindwa kuwaunganisha watu wawili wa damu moja. Yafaa basi kuandika jina la marehemu, jina la baba yake na la mama yake, kilima alichotoka, chifu aliyetawala kilima hicho, na jina la kupanga ikiwa alikuwa nalo, kwani makarani wa jeshi waliandika walichosikia, wakaligeuza jina la Kirundi likasomeka kama la Kiswahili au wakaridhika na namba. Mzee akisema kwamba mtu huyo "alikwenda na Wadachi", yaani Wajerumani, au "alikwenda na Wabelgiji", maneno hayo yahifadhiwe kama yalivyotamkwa, maana ndiyo yanayoamua kama utafutaji uelekezwe Ujerumani au Brussels, ambako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji ndiyo iliyokabidhiwa kumbukumbu za utawala wa kikoloni wa Kongo na Ruanda-Urundi. Barua inaweza kuandikwa kwa Kifaransa, na ikiwa fupi, yenye jina, kilima na mwaka, itashughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko ile inayosimulia historia ya ukoo mzima.

Baada ya hapo huja uamuzi wa ibada ipi ihudhuriwe. Mkazi wa Bujumbura ana njia mbili za maana. Ya kwanza ni Dar es Salaam, ambako ibada ya Jumapili ya Kumbukumbu, yaani Jumapili ya pili ya Novemba kwa desturi ya Waingereza, hufanyika kwenye Makaburi ya Vita yaliyo kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo. Ya pili ni Brussels, ambako kila tarehe 11 Novemba taifa la Ubelgiji hukusanyika kwenye Safu ya Kongresi, mahali alipozikwa mwaka 1922 askari asiyejulikana, yaani maiti mmoja ambaye jina lake halikutambuliwa na ambaye huwawakilisha wote waliopotea. Wajerumani nao wana Siku ya Taifa ya Maombolezo, Jumapili ya pili kabla ya Majilio, na balozi zao katika nchi mbalimbali huikumbuka pale yalipo makaburi ya watu wao.

Kwa anayesafiri mara ya kwanza, Dar es Salaam ndiyo ya kuchaguliwa, na sababu si gharama peke yake. Anayekwenda Brussels analazimika kuomba viza ya Schengen, yaani kibali kimoja kinachomruhusu kuingia katika nchi nyingi za Ulaya, kwa ada ya euro 90 ambayo hairudishwi hata akinyimwa. Anahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, pasipoti itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, uthibitisho wa malazi na wa fedha, na ombi lake haliwezi kupelekwa mapema kuliko miezi sita kabla ya safari. Apeleke Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wala asingoje Oktoba. Akifanikiwa kufika, aongeze siku moja ya kwenda Schaerbeek, kitongoji cha jiji hilohilo, ambako kwenye uwanja wa Riga upo mnara wa mwaka 1970 wa majeshi ya kampeni za Afrika, kwa maana kwenye Safu ya Kongresi atasikia machache sana kuhusu Tabora. Mkongo Paul Panda Farnana, aliyepigana Ubelgiji mwaka 1914 na kutekwa na Wajerumani, alidai baada ya vita kwamba askari Wakongo nao wawe na kumbukumbu yao ya askari asiyejulikana. Ni vema msafiri alijue jina hilo kabla ya kufika, kwa kuwa litamwonyesha kwamba dai analokwenda nalo ni la karne nzima.

Safari ya Dar es Salaam haihitaji viza, kwa sababu Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, ila inahitaji pasipoti. Karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, peke yake, hata kama inatosha kwa shughuli za zoni na kata, isitegemewe mpakani. Pamoja na pasipoti iwepo kadi ya manjano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo hutakiwa kwa wanaotoka Burundi na ambayo nguvu yake huanza siku kumi baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejidanganya. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na shangazi awe na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na ofisi husika. Nakala za karatasi zote zibaki Mutakura kwa mtu anayepokea simu.

Njia ni mbili kuu. Mabasi mengi ya Dar es Salaam hupitia Muyinga na kuvuka Kobero, ambako upande wa Tanzania panaitwa Kabanga na ambako kipo kituo cha pamoja, maana yake maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja ili abiria asipange foleni mara mbili. Kisha basi hupita Ngara, Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma. Njia ya Rwanda isihesabiwe, kwani Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na nchi hiyo Januari 2024, na hata ikifunguliwa haifai kujengewa ratiba ya safari isiyoweza kuahirishwa. Njia ya pili hushuka kusini kwa kufuata ziwa hadi Mugina na Manyovu, kisha Kigoma, ambako msafiri anaweza kupanda treni ya Reli ya Kati. Hii ya pili ni ndefu kwa muda na haina uhakika wa siku, lakini kwa safari ya aina hii ina thamani ambayo basi halina. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita, na kuiteka ndilo lililokuwa kusudi kubwa la Wabelgiji walioshuka kutoka Urundi. Karibu na Kigoma ndiko Wajerumani walikoizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwenye haraka anaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme iliyoanza kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, akikumbuka kukata tiketi mapema kwa jina lilelile lililo katika pasipoti.

Kwa njia yoyote, zitengwe siku tatu za barabarani na mtu afike Dar es Salaam kabla ya Ijumaa jioni. Uhaba wa mafuta uliowakumba Warundi miaka ya karibuni umeshawafundisha kwamba basi linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi linaweza kuondoka saa sita mchana. Fedha zibadilishwe kwa kiasi kidogo mpakani, za kutosha chakula na nauli ya kwanza, na zinazobaki zibadilishwe mjini kwenye duka lenye leseni.

Jambo moja dogo limewapotezea wengi mikutano yao, na kwenye ibada madhara yake ni makubwa zaidi. Burundi na Tanzania hazina saa moja. Tanzania imetangulia kwa saa nzima, hivyo saa ya mkononi iliyoachwa katika majira ya Bujumbura itamfikisha mwenyewe langoni wakati mashada yameshawekwa na viti vinakusanywa. Simu nyingi hujirekebisha zikishapata mtandao wa Tanzania, lakini ile iliyozimwa ili kutunza chaji, au iliyofungiwa majira kwa mkono, haijirekebishi. Saa ibadilishwe palepale Kabanga au Manyovu, pasipoti ikiwa bado mkononi.

Majuma mawili hadi matatu kabla, msafiri aandikie Ubalozi wa Uingereza mjini Dar es Salaam, aeleze kwamba yeye ni mjukuu au kitukuu wa mpagazi au askari wa vita hivyo na angependa kuhudhuria, na aulize saa ya kufika, utaratibu wa langoni na kama wanafamilia wanaruhusiwa kuweka shada. Barua ya namna hiyo haiombi fadhila. Inafaa kuandikwa kwa adabu lakini bila kunyenyekea kupita kiasi, kwa kuwa anayeandika ana haki ya kuwepo kuliko wengi watakaokaa mstari wa mbele.

Mkesha wa ibada, Jumamosi, utumike mjini. Kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe imesimama Sanamu ya Askari, ya shaba, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Askari huyo ameinama kidogo, singe yake imeelekea bandarini, na magari yanamzunguka kutwa bila mtu kumtazama. Kutoka hapo msafiri aende Kariakoo. Jina la soko hilo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo, na ni haki kusema kwamba mnara mkubwa kuliko yote wa wapagazi wa Afrika Mashariki ni neno hilo linalotamkwa na makonda wa daladala kila dakika. Shada la maua linunuliwe Dar es Salaam, lisibebwe kutoka Bujumbura, kwani mimea mibichi inaweza kuzuiwa mpakani kwa sheria za afya ya mimea. Sheria hizohizo huhusu udongo: wapo wanaotamani kubeba konzi ya udongo wa kilima cha marehemu, au kurudi na udongo wa makaburini, na yote mawili yaachwe.

Kadi ya shada ndiyo kiini cha safari yote. Iandikwe jina, baba yake, kilima, na mwaka alioondoka nyumbani, kwa kalamu ya risasi na si ya wino wa maji, kisha ifungwe ndani ya nailoni nyembamba, kwa sababu Novemba ni majira ya vuli Dar es Salaam na mvua moja ya robo saa hulifuta jina ambalo familia imelitafuta mwaka mzima. Kirundi kitangulie, kisha Kiswahili, ili mtunza makaburi atakayeliokota shada siku ya nne aweze kulisoma.

Makaburi yenyewe yanahitaji kuelezwa, kwa maana mgeni anayetarajia misalaba iliyopangwa safu kwa safu atashangaa. Maiti 660 wa Vita Kuu ya Kwanza walihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka makaburi ya zamani ya Ocean Road, barabara mpya ilipojengwa. Kwa kuwa hawakuwa na alama ya mmoja mmoja, walizikwa upya katika makaburi matano ya pamoja, na juu ya kila moja ukajengwa ukuta wa majina. Sitini kati yao hawajulikani. Yapo pia makaburi 41 ya Vita Kuu ya Pili, na 112 ya mataifa mengine, hasa Wajerumani na Wabelgiji, pamoja na kumbukumbu ya Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 ambao kaburi lao halijulikani. Mrundi ambaye babu yake alifuata Wabelgiji atafanya vema kuliweka shada lake upande wa Wabelgiji, na ambaye hajui upande alioutumikia babu yake aliweke pale panapotajwa wasiojulikana.

Mavazi yawe ya heshima na ya rangi iliyopoa: suti au kaunda suti kwa wanaume, na kwa wanawake imvutano, vazi la asili la Kirundi, inafaa kabisa, kwa kuwa humtambulisha mvaaji bila yeye kusema neno. Nishani ya marehemu, kama ipo, huvaliwa na mzao wake upande wa kulia wa kifua kwa desturi ya Waingereza. Kushoto ni mahali pa aliyeipata mwenyewe. Ua jekundu la karatasi ambalo wengi hulibandika kifuani ni alama ya maua yaliyoota kwenye medani za Ubelgiji na Ufaransa, na asiyelivaa hajakosa adabu. Tarumbeta ikilia, watu husimama wima; kimya hufuata, na katika kimya hicho simu huwa imezimwa kabisa, kwa sababu hata mtikisiko wake husikika. Sala na nyimbo kwa kawaida ni za Kikristo, lakini askari na wapagazi wengi walikuwa Waislamu, na Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura au wa Mutakura anaweza kusimama kimya wakati wa nyimbo, kisha baada ya ibada akasogea pembeni na kumsomea marehemu wake Fatiha bila kumkera yeyote. Picha za walinzi na za watu wanaolia zisipigwe bila idhini.

Yupo pia msomaji ambaye wafu wake si wa 1916. Burundi ilituma wanajeshi Somalia tangu mwishoni mwa 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na familia zilizopoteza vijana Leego mwaka 2015 au El Baraf mwaka 2022 huuliza kama zinaweza kwenda New York, ambako Umoja wa Mataifa huadhimisha walinda amani wake kila mwaka karibu na tarehe 29 Mei. Yafaa kuelezwa wazi kwamba medali ya Dag Hammarskjöld inayotolewa siku hiyo ni ya waliofia misheni za Umoja wa Mataifa wenyewe, kama ile ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, na hukabidhiwa wawakilishi wa nchi. Kikosi cha Somalia kilikuwa cha Umoja wa Afrika. Familia hizo zipeleke swali lao jeshini, kwa maandishi, na zisikubali kuuziwa mwaliko na dalali yeyote.

Mwisho ni habari ya wasioweza kusafiri, ambao ndio wengi. Kimya cha Jumapili ya Kumbukumbu kwa desturi huanza saa tano asubuhi. Saa tano ya Dar es Salaam, Mutakura ni saa nne, na aliyebaki nyumbani anaweza kusimama uani saa nne kamili, akiwa na jina lilelile lililoandikwa kwenye karatasi ya pili.